Barafu Zinauzwa Hapa

Mlangoni kwetu, Tabata Kimanga,
kipande cha boksi kimeandikwa kwa mkaa:
BARAFU ZINAUZWA HAPA.
Watoto hugonga na sarafu za mia.
Ubuyu, ukwaju, maziwa.
Rafu ya juu ya friza ni yao.
Ya chini ni yangu: maji matupu,
vifuko kumi na viwili, kila kimoja na fundo
la mkono wa Mwinjuma.

Februari haina huruma.
Saa nne asubuhi bati linaanza kulia, ta, ta,
na jicho langu la kushoto linaingia ukungu.
Mguu wa kulia unasahau kuwa ni mguu.
Juzi nilivuka barabara juani, nikayumba,
kijana wa bodaboda akaniuliza,
"Mama, saa hizi tu, ushalewa?"
Sikumjibu.
Ulimi nao ulikuwa unazitafuta herufi zake.

Daktari alisema mwili wangu unajila wenyewe.
Unakwangua ganda la mishipa ya fahamu,
hapa kidogo, pale kidogo,
na joto likipanda hata nusu nyuzi
ujumbe unapotelea njiani.
Nikatoka nimebeba maneno yale
kama mzigo wa abiria mwingine.

Mwinjuma ni fundi umeme.
Alisikiliza, akakuna kidevu.
"Waya umechunika," akasema.
Akanyamaza, kisha:
"Waya uliochunika si waya uliokatika.
Ila hautaki moto."
Tangu hapo sijaelezwa vizuri zaidi.

Fulana alinishonea Chiku, jirani yetu,
kwa khanga niliyopewa kwenye harusi ya wifi.
Mifuko sita mbele, sita mgongoni.
Khanga ilisema UKIMYA WANGU SI UJINGA.
Mkasi ukapita unapopita,
na kifuani pangu pakabaki
SI UJINGA.

Saa tano naivaa.
Kwanza ni kofi. Meno yanagongana,
natukana Kinyakyusa, lugha ya baridi.
Kisha, dakika ya kumi, ya kumi na tano,
ukungu unaanza kunyanyuka.
Naiona kalenda.
Naona msumari ulioishika kalenda.
Naona mjusi, na koo lake linavyopiga,
nahesabu vidole vyake, narudia kuhesabu,
kwa furaha inayofanana na hasira.
Nasahihisha madaftari ya darasa la sita,
matano, siku nyingine tisa,
mpaka maji yaanze kunishuka kiunoni
na sehemu zianze kucheza juu ya mistari.
Haiponyi. Nani kasema inaponya?
Inanikopesha saa moja,
na mimi ni mkopaji mzuri.

Mama anapiga simu kutoka Rungwe:
"Atuganile, rudi nyumbani.
Huku baridi ni ya bure."
Kweli, mama.
Lakini huko Mwinjuma atafunga nyaya za nani,
na nani atanigongea mlango na mia?

Jana umeme ulikatika alfajiri.
Hadi saa sita rafu ya chini ilikuwa dimbwi.
Nikakaa sakafuni, miguu kwenye beseni,
kitambaa kibichi shingoni,
namsikia Mwinjuma simwoni.
Akafungua ya juu.
Za ukwaju zilikuwa bado ngumu kidogo, katikati.
Hakuniuliza. Alizipanga mfukoni moja moja,
na ukwaju ukavuja, na sisimizi wakapata habari.

Hodi.
Ni Nasri wa nyumba ya pili.
"Barafu."
"Zimeisha, baba."
Akanitazama kifua, lile doa la kahawia,
yale maneno mawili.
"Mbona umezivaa?"

Nilicheka mpaka beseni likamwagika.
Nikatoa moja, mfuko wa kushoto, nikampa.
Hakuuliza tena. Alikata pembe kwa meno,
akanyonya, akageuka,
akaniachia kiganjani mia yake,
ina joto bado.